Mposaji Aliyetema Divai

Nianze kwa kusema wazi kwamba mimi si mlevi. Mtaa mzima wa Cheyo unajua hivyo, ingawa nusu yake haikubali. Ukinikuta barazani kwangu jioni nimeinua glasi yenye mguu kwenye mwanga, nimefumba jicho moja na kulikodoa la pili, usiseme mzee Zablon ameanza tena. Mimi hapo nasoma. Natafuta ndani ya glasi jua la shamba fulani na mvua iliyochelewa mwaka fulani, na nikivipata nafurahi kuliko mtu aliyeokota pochi. Mlevi hatafuti kitu, yeye anataka ijazwe tu.

Ugonjwa huu niliupata Dodoma. Nilikuwa bwana shamba huko miaka mingi, kwenye mashamba ya zabibu, na fundi mmoja wa divai mwenye kitambi na maneno machache akanifundisha kuonja. Kwanza unatazama rangi. Halafu unatikisa glasi, unaingiza pua yote bila aibu, unachukua funda dogo, unalizungusha mdomoni kama mtu anayesukutua, kisha unatema kwenye ndoo. Siku ya kwanza nilimeza, nikapigwa kofi la mgongo. Kuonja ni kutema, fundi alisema, na anayemeza aende kilabuni na wenzake. Nililishika somo hilo kwa moyo wote. Na vitabu vyao vya divai sikuvijali, maana vinasema divai inanukia matunda ambayo sijawahi kuyaona hata kwenye kopo. Mimi nilisema inanukia zambarau, au furu za porini zilizoiva zaidi, au moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku, na fundi alikubali.

Nilipostaafu nikarudi kwetu Tabora, nikakuta neno divai ni la kanisani. Ukiingia dukani ukaulizia divai, muuzaji anakuuliza umetumwa na parokia gani. Mimi nimezaliwa Moraviani. Baba yangu, mzee Jilala, alikuwa mzee wa kanisa, na nyumbani kwetu pombe ilitajwa kwenye mahubiri tu, tena kwa ukali. Rafiki yangu Raymundi, karani mstaafu wa reli na Mkatoliki tangu tumboni, huwaambia watu kwamba nilikosa upadri nikaamua kujilipa kwa divai yake. Namwacha aseme. Raymundi bila utani wake angekufa kesho yake.

Kitu kingine ninachokipenda ni baiskeli. Nina Foniksi nyeusi, ya kiume, yenye keria pana, na sijaona sababu ya kuibadilisha na pikipiki. Ukipanda basi kwenda Urambo unafika ukiwa umeijua shingo ya mtu wa mbele yako tu. Ukiendesha baiskeli unajua ni wapi wamechoma msitu, wapi wanarina asali, na nani anapika maharage yasiyoiva. Njia inakuingia puani polepole, na divai ni vivyo hivyo, haimpendi mwenye haraka. Tena baba wa babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe begani toka huku bara mpaka pwani, na chumvi toka upande wa Uvinza, kwa miguu, na hakuna aliyemwonea huruma. Mimi kitukuu cha mpagazi nishindwe na magurudumu mawili?

Sasa nije kwa Janeti.

Janeti anauza migebuka sokoni Isevya, samaki wanaoletwa na treni kutoka Kigoma. Siku ya kwanza nilipofika mezani pake nilimwokota mgebuka mmoja mkavu, nikamsogeza puani, nikafumba macho. Ndivyo nilivyozoea, kila kitu nakinusa kwanza. Nilipofumbua macho nikamkuta mwanamke amejishika kiuno ananitazama. Akauliza, "Baba, huyo unamnunua au unamposa?" Soko zima likacheka. Nikamnunua yule samaki na wenzake wote waliokuwa kwenye lile fungu, na wiki iliyofuata nikarudi nikiwa sina hamu ya samaki hata kidogo.

Wazazi wake walikuja wakimbizi kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili wakapewa ardhi Ulyankulu, na Janeti amezaliwa huko. Aliolewa akiwa binti, na mume wake akamkimbia na kumwachia watoto wadogo, akaenda Kahama na mwanamke mwingine, akafia huko huko. Aliyempokea na kumlelea watoto ni mama yake, Mama Katarina, pamoja na kaka yake, Tarsisi Nijimbere. Kwa hiyo aliniambia mapema, tena bila kuzungusha, kwamba yeye ananitaka, lakini mama yake na kaka yake wakisema hapana, hatoki. Hawezi kuwatia aibu mara ya pili. Nilimwelewa. Na nilimtaka vibaya sana, sioni haya kusema. Recheli, mke wangu, alifariki zamani, Mungu amrehemu, na tangu hapo nilikuwa nimechoka kula peke yangu, kuzungumza na redio, na kumimina divai nzuri bila mtu wa kumwambia kwamba ni nzuri.

Tarsisi naye, aliposikia posa inakuja, akauliza kwenye simu kama huyo mzee mwenye mvi bado ana nguvu au anatafuta nesi. Janeti alinieleza akicheka. Mimi sikucheka. Nilikaa siku nzima naambiwa shikamoo na watu nikasahau kuitika marahaba. Jioni yake nikatangaza kwamba nitakwenda kuposa kwa baiskeli, toka Cheyo mpaka Ulyankulu, na kinywaji cha posa kikiwa kwenye keria yangu, wakwe wajionee wenyewe nani anahitaji nesi.

Janeti akaniomba nipande basi pamoja na Raymundi, ambaye ndiye mshenga wangu. Akaniomba pia nipeleke bia na soda kama watu wengine. Nikamwambia bia ni maji yaliyokasirika, na kwamba siendi kumposa mwanamke kama yeye kwa kreti. Nitapeleka divai nyekundu ya Dodoma, chupa ambazo nilikuwa nimezihifadhi chini ya kitanda miaka yote hiyo nikisubiri jambo la maana. Akaniangalia kama anavyomwangalia mteja anayetaka punguzo. Akasema basi, nikumbuke neno moja: kwao anayeleta kinywaji ndiye anayeonja kwanza, mbele ya watu wote, ndipo wengine wanywe.

Hapo nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mwanamke muuza migebuka ananifundisha mimi kuonja! Nikamwambia kwa jambo hilo alale usingizi, maana wakwe zake watamwona muonjaji ambaye hawajapata kumwona tangu waumbwe. Na katika hilo sikusema uongo.

Niliondoka asubuhi, ndege ndio kwanza wanaanza kelele. Chupa nilizifunga moja moja kwenye vipande vya khanga kuukuu, nikazipanga ndani ya kikapu na pumba za mpunga, kikapu nikakibana kwenye keria kwa mipira ya tairi. Glasi yangu niliivisha soksi. Suti nilimwachia Raymundi aje nayo kwenye basi kesho yake, na mimi njiani nilipanga kulala kwa binamu yangu anayefuga nyuki, kwa sababu ushujaa una mipaka.

Ilikuwa wakati ule wa mwisho wa kiangazi, mvua bado, lakini miombo imekwisha kuchipua yenyewe bila kusubiri ruhusa. Majani mapya yalikuwa mekundu, si kijani, na pori lote lilikuwa na rangi ya divai changa. Nilisimama mara kadhaa nikitazama tu. Hii ndiyo njia waliyopita wapagazi kwenda Ujiji, nikawaza, na hakuna aliyewahi kunisimulia kwamba walikuwa na muda wa kutazama majani. Labda walitazama wakanyamaza, maana mwenye pembe begani hasemi sana. Nikawapungia mkono wanawake waliokuwa wakichota maji, wakaniamkia mwangaluka, nikaitika, wakaniuliza nimebeba nini. Nikasema mafuta ya taa. Ningesema kweli nisingefika na chupa hata moja.

Halafu mbung'o wakanigundua. Asiyewajua mbung'o wa mapori yetu amshukuru Mungu. Wanapenda kitu kinachotembea, na kikienda mbio wanakipenda zaidi, kwa hiyo mwendesha baiskeli kwao ni harusi. Waliniuma juu ya shati, chini ya shati na mahali ambapo sikudhani shati linahusika. Nikapiga pedeli kwa hasira, wakaongezeka. Mbele nikakuta mchanga mwingi, baiskeli ikazama mpaka nusu ya rimu, nikashuka nikaanza kuisukuma, jua juu, mbung'o kushoto, mbung'o kulia, na mimi katikati natukana kwa Kinyamwezi ambacho marehemu baba alikuwa hakiruhusu.

Kesho yake ilikuwa hivyo hivyo, ila jua lilikuwa kali zaidi. Nilipokaribia Ulyankulu nikaona mti mmoja wenye kivuli kizuri, nikasema nijinyooshe kidogo nisije nikafika nikihema mbele ya Tarsisi. Baiskeli niliiegemeza kwenye kichuguu karibu na njia, nikalala. Na jua, kama mnavyolijua, halitulii mahali pamoja. Nilipoamka, mimi nilikuwa bado kivulini, lakini kikapu kilikuwa kimekaangwa. Nikakigusa nikautoa mkono haraka. Nikajiambia chupa ni ngumu, kizibo ni kizuri, na divai iliyovumilia miaka chini ya kitanda changu itavumilia na hili. Jua la Tabora halina adabu, mimi nilikuwa nimelala tu.

Kwa Tarsisi kuna mwinuko kabla ya kuingia uani. Nikamwona kwa mbali amesimama kando ya migomba yake, mikono nyuma, akinisubiri. Basi nikapanda ule mwinuko nikiwa nimekaa wima kwenye tandiko, kifua mbele, natabasamu, huku mapaja yananiambia maneno mengine. Nikashuka vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa baada ya kushuka, maana miguu ilikataa kusimama, nikabaki nimeikumbatia baiskeli kama mtu anayeipenda mno. Tarsisi akaizunguka, akanitazama, akatazama tairi, akakiri kwamba nguvu ninazo. Nilijua basi nusu ya kazi imekwisha. Raymundi alikuwa amefika na suti, nikavishwa, nikakalishwa kwenye benchi.

Uani kulikuwa na wazee wa ukoo na wa jumuiya, kina mama upande wao, na Mama Katarina katikati kwenye kiti chenye mto, mwembamba, macho makali. Nikamwamkia shikamoo kwa kuinama mpaka mgongo ukalia. Akaitika marahaba, kisha akauliza watu wa karibu yake kama huyu ndiye yule aliyekuja kwa baiskeli, au baiskeli ndiyo iliyomleta. Janeti alikuwa ndani, kama desturi inavyotaka, asitoke mpaka aitwe. Lakini niliona pazia la mlango linacheza, na upepo haukuwepo.

Raymundi akaanza, na siwezi kumnyima sifa yake. Alisema tulikuwa wapita njia, tukaona shambani mwa watu hawa mgomba unaopendeza, tukaja kuuliza kama wenyewe wangeridhia tuuhamishie kwetu. Tarsisi akajibu kwamba migomba yao yote wanaijua kwa jina, na kama ni ule anaoudhania, basi huo ulishazaa. Raymundi akasema tumeona, na chipukizi zake tumeziona, ni nzuri, sisi shina ndilo tulilolipenda. Wazee wakaguna kwa kuridhika. Ikazungumzwa hivi kwa muda mrefu, watu wakiringiana kwa migomba, mpaka Tarsisi akasema haya, mkono mtupu haulambwi, wageni waonyeshe walichobeba.

Nikafungua kikapu, nikazitoa chupa moja moja, nikaziweka mezani. Minong'ono ikapita. Mzee mmoja akauliza kama hii ni ile ya misa. Mwingine akasema kama ni ya misa basi si halali kuinywa chini ya migomba. Mama Katarina akauliza kwa sauti kama nimewaibia mapadri wa Kipalapala. Raymundi akawaeleza kwamba ni zabibu tu, haijabarikiwa wala haijaibiwa, na kwamba mposaji ni mtaalamu wa kinywaji hiki, amekisomea. Hapo wakanikazia macho kwa heshima. Tarsisi akasema basi mtaalamu aonje, kama desturi ilivyo.

Jamani, nilikuwa nimesubiri neno hilo njia nzima. Nikavua glasi soksi yake. Nikakizungusha kizibuo polepole, kizibo kikatoka na mlio wake, nikamimina nusu ya glasi. Nikaiinua juani, jicho moja nimelifumba. Nikaitikisa. Nikaingiza pua. Kina mama wakaanza kusogeleana, maana mtu anayefumba macho akinong'ona na glasi wanamjua kwa jina lingine, na mmoja wao akafanya ishara ya msalaba. Mimi sikuona. Pua yangu ilikuwa tayari imeniambia kuna jambo, lakini sikutaka kuiamini. Nikachukua funda, nikalizungusha.

Divai ilikuwa imepikwa. Zambarau hakuna, furu hakuna, ilibaki siki ya moto na ladha ya sufuria iliyoungua. Miaka yote ile chini ya kitanda! Uchungu ulinipata, na mdomo wangu ukafanya ulichofundishwa kufanya. Nikageuza kichwa pembeni, nikatema chini, tena kwa nguvu.

 Nikafumbua macho nikaona watu wote wanalitazama lile doa jekundu kwenye udongo, na ndipo Raymundi aliponikanyaga mguu na kuninong'oneza nikafahamu nilichokifanya. Kwa watu hawa kuonja si kutafuta ladha. Unaonja na kumeza mbele ya macho ya watu ili waone kwamba ulichowaletea hakitawadhuru, na kama ni kifo, basi kianze na wewe. Na mimi mposaji nimeonja, nimetema.

Tarsisi alikuwa amekwisha kusimama. Lakini Raymundi alimwahi. Akasema, kwa sauti ile anayosomea masomo Jumapili, kwamba wasishtuke, kwani kwetu Unyamwezi mposaji huwapa wahenga wa ukweni tone la kwanza, na kwamba watu wa zamani walilimwaga kwa mdomo, kuonyesha kwamba limetoka moyoni. Nilimsikiliza nikastaajabu. Uongo ule ulikuwa mzuri mpaka mimi mwenyewe nikatamani uwe kweli. Wazee wakatazamana. Mmoja akatikisa kichwa kukubali, akasema hata Wasukuma amesikia wana kitu kama hicho. Tarsisi akakaa. Akasema kama ni hivyo, wahenga wamepata chao, sasa nimmiminie Mama anywe wa kwanza, halafu wazee.

Wakaniletea kikombe cha Mama Katarina. Nikashika chupa. Na mkono ukagoma.

Raymundi alikuwa ananitazama kwa macho yanayosema mimina, mpumbavu wewe. Ilibaki kuinamisha chupa tu, na Janeti ni wangu. Lakini yule mama alikuwa amekinyoosha kikombe kwa mikono yote miwili, ananingoja kwa heshima, na mimi najua kilichomo. Sijawahi kumpa mtu divai mbovu nikamwambia ni nzuri. Hata adui. Itakuwaje nianze na mama yake Janeti?

"Mama asinywe hii," nikasema. "Imeharibika. Nimeitema kwa sababu ni mbaya, jua limeipika njiani. Hayo ya wahenga, Raymundi ameyatunga sasa hivi."

Raymundi alijifunika uso kwa kofia. Tarsisi akasimama tena, safari hii polepole, na alipozungumza hakupaza sauti. "Kwa hiyo umekuja kumposa dada yangu na kitu ambacho wewe mwenyewe kimekushinda kumeza." Ndivyo ilivyokuwa. Akasema nikusanye chupa zangu, baiskeli yangu iko pale, na jua bado lipo. Nikaanza kuzikusanya.  Nilikuwa nawaza meza yangu ya Cheyo yenye sahani moja.

Pazia likafunguka, Janeti akatoka. Hakuitwa. Kina mama wakamwambia arudi ndani, akawapita kama hakusikia, amevaa kitenge kipya cha zambarau alichokishona kwa siku hiyo. Akaja mpaka mezani. Ile glasi yangu ilikuwa bado na divai ndani, karibu yote niliyomimina. Akaichukua, akanitazama usoni bila kucheka, na kabla sijamzuia akaigeuza kooni, akainywa yote mpaka ikabaki kavu. Nilimwona uso unavyokunjamana. Macho yakamtoka machozi. Akaiweka glasi mezani, akajifuta mdomo kwa kiganja.

"Ni mbaya kweli," akasema. Halafu akamgeukia kaka yake. "Yule wa kwanza alileta pombe nzuri. Akaonja, akameza, mkampigia vigelegele hapa hapa. Mkaona alivyonitenda. Huyu amekataa kumpa Mama kitu kibovu, na alijua mtamfukuza. Mimi namtaka huyu."

Hakuna aliyemkemea. Tarsisi alitazama chini, na niliona limemwingia, maana posa ile ya kwanza yeye ndiye aliyeipokea. Mimi nilikuwa nimesimama na chupa kila mkono. Katika maisha yangu nimesifiwa na mafundi wa divai, nimesifiwa na mabwana wakubwa wa kilimo, lakini sijawahi kupewa maneno yaliyonifurahisha namna hiyo, tena na mtu aliyekuwa anajizuia kutapika.

Mama Katarina akanigeukia. Aliniuliza kama kinywaji hiki kinaua. Nikamwambia hakiui, Mama, kinasikitisha tu. Akatikisa kichwa. Akasema walipokuja nchi hii hawakuwa na kitu cha kumpa jirani, walikuwa na desturi hiyo tu, ya kuanza wao kumeza, na hawezi kuiacha ife kwenye uwanja wake kwa sababu ya mtu wa Dodoma na chupa zake. Kilicholetwa kimeletwa. Binti amekwisha kunywa sehemu yake. Sasa wanaume wanywe yao, mbele yake, na hakuna kutema.

Akamwamuru Tarsisi amimine. Tarsisi akachukua chupa, akaijaza glasi yangu mpaka pomoni, bila kuacha hata nafasi ya pua. Akanitazama kwa macho ya mtu aliyepata kisasi kizuri, akanyoosha mkono anipe. Mama yake akakohoa.

"Tarsisi," akasema. "Anayempa mwenzake hufanyaje?"

Raymundi alishusha kofia asikose kuona. Tarsisi alisimama na ile glasi mkononi akiwa amekwama, wazee wote wamemtulizia macho, dada yake amejishika kiuno. Mwisho akaipeleka mdomoni. Akachukua funda, si dogo, maana Mama alikuwa anapima. Mashavu yakajaa. Kwa muda nilidhani atatema, na naapa nilimwombea asiteme. Shingo ikapanda, ikashuka. Akameza. Chozi moja likamtoka likateremka mpaka kwenye ndevu, wala hakulifuta.

Kisha akaishika glasi kwa mikono miwili, kama mama yake alivyokuwa ameshika kikombe, akanikabidhi.

"Meza, shemeji," akasema kwa sauti iliyokauka.

Nikaipokea. Sikuitazama rangi, sikuinusa, nikaimeza yote pamoja na mashapo.